Bao, Karata na Drafti katika Baraza la Chama

Ofisi ya chama cha msingi, huko Kikole au katika kijiji kingine chochote cha Wilaya ya Kilwa, aghalabu ni nyumba ndogo yenye chumba cha katibu, ghala, mzani, na baraza mbele yake. Ndani huwamo vitabu. Nje, barazani, huwapo bao. Mwanachama aliyeleta ufuta asubuhi akakuta foleni ya magunia mbele ya mzani hana la kufanya ila kungoja, na watu wa mwambao hawajapata kuzoea kungoja kimya. Mmoja huvuta kigoda, mwingine hukusanya kete, na kabla gunia la tatu halijapimwa watazamaji wamekwisha kuwa kumi.

Wapo wanaoitazama hali hiyo kwa jicho baya. Husema kwamba chama cha ushirika ni mahali pa kazi, na kwamba bao mlangoni mwa ofisi ni tangazo la uvivu. Wengine, hasa wazee, huona kuwa anayetaka kuliondoa bao anataka kuwaondoa wao. Kila upande una sehemu ya ukweli, lakini hakuna uliofika kwenye kiini cha jambo. Mchezo wa marafiki na wafanyakazi wenzi wakati wa mapumziko hauna dhara kwa chama, bali una faida zisizopatikana katika mkutano wala katika semina. Dhara hutokana na vitu vinavyojipenyeza pamoja na mchezo, navyo ni fedha, saa za kazi, na, kikubwa kuliko vyote ingawa husemwa kidogo, uamuzi wa mambo ya chama.

Yafaa kwanza ieleweke ni michezo gani inayozungumzwa, maana haifanani.

Bao linalochezwa mwambaoni, tangu Lamu hadi Kilwa na Lindi, na visiwani Unguja na Pemba, huitwa bao la Kiswahili. Lina vishimo 32 katika safu 4 za vishimo 8, na kete 64, ambazo kwa desturi ni komwe, yaani mbegu ngumu za kijivu za mti wa mkomwe. Kila mchezaji ana safu mbili, ya mbele na ya nyuma. Mwanzoni kila mmoja huweka kete 6 katika kishimo kinachoitwa nyumba, na kete 2 katika kila kimoja cha vishimo viwili vinavyofuata upande wake wa kulia; kete 22 zinazobaki huzishika mkononi. Katika hatua ya kwanza, inayoitwa namua, huziingiza moja moja, akila kete za mwenziwe zilizoelekeana na zake, au akitakata pale ambapo hapana cha kula. Kete za mkononi zikiisha, huanza hatua ya mtaji, ambapo mali yote imo ubaoni na kila mtu anaiona. Mchezaji aliyemalizwa kete za safu yake ya mbele amefungwa, hata kama safu ya nyuma amejaza. Kwa wanaoanza lipo bao la kujifunza, ambalo kila kishimo huwekwa kete 2 tangu mwanzo, na mtoto wa shule huweza kulielewa kwa alasiri moja.

Mchezo huu una ndugu wengi. Omweso wa Uganda nao una vishimo 32 na kete 64, na Malawi hucheza bawo. Mwaka 1995 mtaalamu wa Kiholanzi, Alex de Voogt, alitoa kitabu kuhusu mabingwa wa bao wa Zanzibar, akichunguza jinsi wanavyokokotoa kichwani mizunguko mirefu ya kete kabla mkono haujagusa kishimo. Mwalimu Julius Nyerere alikuwa mpenzi wa bao, na picha zake akiwa ameinama juu ya kete zimechapishwa mara nyingi. Kwa hiyo hoja kwamba bao ni mchezo wa watu wasio na shughuli haina nguvu.

Kwa chama cha ushirika, bao lina sifa moja inayostahili kutazamwa kwa makini. Kete haitoki nje ya bao. Kete iliyoliwa haitiwi mfukoni, bali hupandwa upya upande wa aliyeila. Basi wakati wowote mchezo ukisimamishwa, ukijumlisha zilizo ubaoni na zilizo mikononi, hesabu ni 64. Mtu akishuku kuwa mwenziwe ameficha kete, hakuna haja ya kugombana, zinahesabiwa. Mwalimu wa utunzaji wa vitabu hahitaji mfano ulio bora kuliko huo. Kilo zilizoandikwa katika stakabadhi za wakulima hazina budi kulingana na kilo zilizopelekwa ghala kuu pamoja na zilizobaki chamani, na zisipolingana, kuna kitu kimetoka nje ya bao. Mwanachama mzee ambaye hakupata bahati ya kusoma, ambaye katika Mkutano Mkuu hunyamaza taarifa ya mapato na matumizi ikisomwa, anajua vizuri kabisa maana ya kete 63. Katibu mwenye busara humwelezea taarifa hiyo kwa lugha ya bao, na mzee akaanza kuuliza maswali.

Drafti ni mchezo wa vijana, ingawa wazee nao huucheza. Ubao wake waweza kuchorwa kwa mkaa juu ya kipande cha mbao, na vizibo vya soda hutosha kuwa kete, mmoja akivilaza chali na mwingine kifudifudi. Kama lilivyo bao, hakuna kinachofichwa: anayefungwa amefungwa kwa macho yake mwenyewe. Dhumna ina vipande 28 na makelele mengi, kwa kuwa wachezaji hupenda kukipiga kipande juu ya meza kwa kishindo, na katibu anayefunga hesabu za mwisho wa mwezi ana haki ya kuomba meza isogezwe mbali na dirisha lake. Keram, iliyotoka Bara Hindi, huonekana zaidi mijini na visiwani.

Karata ni habari nyingine, na historia yake imo katika majina yake. Maneno karata, turufu, shupaza, kopa, uru na pau yote yametokana na Kireno, na seti, yaani karata ya saba, vilevile. Wareno waliiteka Kilwa mwaka 1505 wakajenga ngome, kisha wakaiacha mwaka 1512. Kaskazini ya mwambao walidumu zaidi, hadi walipoondolewa Mombasa na Waarabu wa Oman mwaka 1698. Majina waliyoyaacha yangali vinywani mwa watu ambao hawajapata kumwona Mreno. Mchezo mmojawapo wa zamani ni wahedi wa sitini, yaani sitini na moja. Ree huhesabiwa 11 na seti 10. Karata za picha wazee waliziita wazungu, na thamani yao imo katika majina yao: mzungu wa nne ni 4, mzungu wa tatu ni 3, na mzungu wa pili ni 2. Jumla ya kila aina ni 30, na ya aina zote nne ni 120. Kwa hiyo upande uliopata 61 umepita nusu nao umeshinda. Ni hesabu ile ile ya kura katika mkutano: hapana haja ya kuzoa zote, yatosha kuzidi nusu kwa moja.

Hata hivyo karata hufichwa, na mgao wake ni bahati. Hilo si kosa, kwani ndilo linaloufanya mchezo uwe na ladha, lakini ndilo linaloufanya pia uwe mlango mwepesi wa kamari. Katika bao mtu dhaifu akikaa mbele ya bingwa anajua atafungwa, na hawezi kuweka dau lolote ila awe mpumbavu. Katika karata kila mtu huamini kwamba mgao ujao utakuwa wake.

Kabla ya kusema mengi kuhusu kamari, ni haki kutaja mema ya baraza. Katibu mgeni aliyeajiriwa kutoka wilaya nyingine anaweza kukaa ofisini mwaka mzima asiwajue wanachama wake ila kwa namba zao. Akikaa barazani jioni mbili kwa juma, akafungwa bao na kutaniwa, atajua nani amehamia kijiji cha pili, nani amefariki na warithi wake ni akina nani, nani ameuza shamba la mikorosho na nani amepanda miche mipya. Habari hizo zote ni za rejista ya wanachama, na hakuna fomu inayozileta upesi kama bao linavyozileta. Tena wajumbe walionuniana katika mkutano hupatanishwa na mchezo bila kuitiwa msuluhishi. Mmoja husema, "Njoo nikufunge, mzee," na mwingine hawezi kukataa. Mbele ya kete hapana Mwenyekiti wala kibarua. Mpakuzi wa magunia aweza kumfunga Mwenyekiti mchana kweupe, akamcheka, na kesho yake akamwamkia kwa adabu kama kawaida. (Katibu ambaye kila siku hufungwa na Mwenyekiti wake, ilhali watu wengine wote huwafunga yeye, yafaa vitabu vyake vitazamwe kwa makini zaidi.)

Wala fikra kwamba chama chapaswa kujali mapumziko ya wanachama si ngeni katika ushirika. Waanzilishi wa Rochdale, Uingereza, waliofungua duka lao tarehe 21 Desemba 1844, walikuwa wameandika katika shabaha zao nia ya kufungua hoteli isiyouza pombe, na baadaye chama chao kikawa na chumba cha kusomea magazeti na maktaba. Walikuwa mafundi na wafumaji maskini, nao walielewa kuwa watu wasio na mahali pa kukutana ila kilabuni hawataweza kulinda fedha zao wala chama chao.

Sasa kamari. Haiingii barazani kwa jina lake. Huanza kwa soda: atakayefungwa atanunua. Hakuna anayeona kosa, na pengine halipo. Juma linalofuata soda imekuwa nauli ya bodaboda, kisha fedha taslimu, ndogo, ya kunogesha mchezo. Msimu wa ufuta ukifika, karibu na miezi ya Juni na Julai, na ule wa korosho tangu Oktoba, mambo hubadilika. Katika mfumo wa stakabadhi ghalani mkulima hukabidhi mazao yake chamani, mazao hupelekwa ghala kuu, huuzwa kwa mnada, na malipo huingizwa katika akaunti yake ya benki. Kati ya siku ya mzani na siku ya malipo kuna siku za kungoja. Mkulima anayengoja hana fedha, lakini kila mtu barazani anajua kilo zake, maana zilisomwa kwa sauti mbele ya mzani. Mkulima huyo hukopeshwa na mchezaji mwenziwe, kwa ahadi ya kulipa fedha za mnada zikiingia. Hapo deni la karata limepata dhamana ya ufuta ambao ungali ghalani, na matunda ya kulima, kupalilia na kuvuna yamekwisha kuwa ya mtu mwingine kabla mnada haujafanyika. Deni la namna hiyo halitofautiani na kangomba. Vyama vimepigana na kangomba kwa miaka mingi. Itakuwa ajabu vikiipa kivuli cha baraza lao wenyewe.

Kwa Waislamu, ambao ndio wengi katika mwambao huu, kamari ni haramu, na jambo hilo halihitaji maelezo katika jarida la ushirika. Kwa upande wa Serikali, Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 iliunda Bodi ya kusimamia na kutoa leseni za michezo hiyo. Chama cha ushirika hakina leseni ya aina hiyo, na viongozi wanaoacha meza ya fedha iendeshwe katika jengo la chama wanakiweka chama mahali pabaya.

Lakini hatari iliyo karibu kuliko sheria ni ile ya mtumishi anayeshika fedha. Karani mwenye fedha za matumizi madogo ya ofisi, akipoteza kidogo cha mfukoni mwake, huona aibu kuondoka. Hachukui fedha za chama kwa nia ya kuiba. Huzichukua kwa nia ya kuzirudisha kabla ya saa kumi na mbili. Anayetaka kurudisha hasara ya mchana huongeza dau jioni, na pengo huzaa pengo. Kwa sababu hiyo kila chama kingefanya vema kuweka kanuni fupi kabisa: mtumishi anayeshika fedha, funguo za ghala au vitabu vya stakabadhi hachezi mchezo wowote wenye dau, hata dau likiwa soda moja. Anaweza kucheza bao bure mpaka mwezi uchomoze.

Wapo watakaosema kwamba njia rahisi ni kupiga marufuku michezo yote. Njia hiyo haimalizi kamari, huificha. Vijana wa leo hubeti kwa simu. Mkeka hukatwa kimya kimya, chini ya mwembe au ndani ya ghala lenyewe, na fedha zikaondoka bila jirani kujua. Bao lina watazamaji kumi, simu haina hata mmoja. Kijana aliyekaa barazani akicheza drafti mbele ya wajomba zake yumo mahali ambapo anaweza kuonywa.

Kuhusu saa za kazi, lawama juu ya michezo si mpya. Mwaka 1983 Serikali ilitunga sheria iliyojulikana kwa jina la Nguvu Kazi, ikiwataka watu wenye uwezo wafanye kazi, na waliokutwa mijini bila shughuli walirudishwa vijijini. Mwaka 2016 viongozi wa Serikali walikemea tena vijana wanaocheza puli tangu asubuhi. Makemeo hayo yalikuwa na sababu zake, lakini yakiletwa kwenye baraza la chama bila kupambanua yanaweza kumwangukia asiye na hatia. Mkulima aliyefika na magunia yake alfajiri akakuta mzani haujafunguliwa si mvivu kwa kucheza bao. Kazi yake ameimaliza shambani, na foleni si yake. Foleni ikiwa ndefu kwa sababu mzani ulianza saa nne badala ya saa mbili, asilaumiwe mwenye kete. Mkulima akicheza, anangoja. Karani akicheza, anangojwa. Tofauti hiyo ndogo ndiyo kanuni nzima. Saa za kazi za katibu, mtunza ghala na karani wa mizani zinajulikana, na katika saa hizo mahali pao si kigodani. Mapumziko ya adhuhuri ni yao, nao wana haki ya kuyatumia watakavyo, mradi adhana ikisomwa anayekwenda kuswali aende na mzani ukifunguliwa wauache mchezo pale ulipofika. Wachezaji wazuri hukumbuka zamu ilikuwa ya nani.

Limebaki lile kubwa. Neno baraza katika Kiswahili lina maana mbili: ni mahali pa kukaa nje ya nyumba, na ni kikao cha watu wanaoamua mambo. Maana hizo mbili zilikuwa moja hapo kale. Mtu mkubwa wa mwambao aliketi barazani kwake, watu wakaja kumwamkia, mashauri yakasemwa, bao likachezwa, na hukumu ikatoka papo hapo. Watu waliokuwa na haki ya kukaa hapo walikuwa wachache, nao walijulikana. Ushirika ulikuja na desturi nyingine. Chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013, kama ilivyokuwa katika sheria zilizotangulia, mamlaka ya juu ya chama ni Mkutano Mkuu wa wanachama, na kila mwanachama ana kura moja, awe na kilo elfu au gunia moja. Maana mbili za neno baraza zilitenganishwa kwa makusudi. Taabu ni kwamba jioni, kete zinapoanza kulia, hurudi kuwa moja pasipo mtu kutambua.

Tuseme ni jioni ya siku ya kawaida. Mwenyekiti anacheza na mjumbe mmoja wa Bodi. Katibu na mjumbe wa pili wanatazama. Msafirishaji mwenye lori amepita kusalimu akaketi. Kati ya bao la kwanza na la pili mtu anasema kuwa mwaka jana magari yalichelewa. Kati ya la pili na la tatu mwingine anasema kwamba huyu bwana hapa hajawahi kuchelewa. Bao la nne linapoisha hakuna anayebishana tena. Wiki mbili baadaye Bodi inakutana, ajenda ya usafirishaji inapita bila mjadala, na katibu anaandika katika kumbukumbu kwamba wajumbe walijadili kwa kirefu na kukubaliana kwa kauli moja. Hakuna aliyepokea rushwa. Huenda hata bei ya lori ni nzuri. Lakini wenye lori wengine hawakusikika, wajumbe wengine wa Bodi walikuta neno limekwisha, na wanachama wakiuliza kwa nini alichaguliwa huyu, jibu halimo katika kitabu chochote. Na ikiwa msafirishaji huyo alifungwa bao tano mfululizo na Mwenyekiti, kisha akanunua kahawa ya baraza zima, watu hawatahitaji kuuliza.

Ni nani asiyekuwapo jioni ile? Hakuwapo mwanachama anayekaa mbali. Hakuwapo yule asiyecheza kwa imani yake au kwa tabia yake. Zaidi ya wote, hawakuwapo wanawake. Wanawake wanaolima ufuta na kuokota korosho ni wanachama kamili wenye namba zao, lakini mwanamke aliyeleta gunia lake akiwa na mtoto mgongoni hakai kwenye duara la bao. Hupimiwa, huchukua stakabadhi yake, huondoka. Wako wanawake hodari wa karata, ila aghalabu huchezea majumbani, miongoni mwao. Kila uamuzi unaopitishwa barazani jioni ni uamuzi uliopitishwa bila wao, na haufidiwi kwa kuwaambia kwamba Mkutano Mkuu uko wazi kwa wote, ikiwa mkutano huo huletewa mambo yaliyokwisha kuiva.

Haina maana kuwakataza watu wasizungumze habari za chama wakicheza. Watazizungumza, na ni vizuri wazizungumze. Mawazo mengi mazuri huzaliwa hapo. Kinachotakiwa ni kwamba yazungumzwe lakini yasiamuliwe. Kazi hiyo ni ya katibu kuliko mtu mwingine yeyote, nayo haihitaji ukali. Neno la kuamua likitamkwa, yatosha aseme, "Hilo nitaliandika, tulipeleke kwenye kikao," kisha aliandike kweli, na kesho yake alibandike katika ubao wa matangazo mahali ambapo mwanamke mwenye gunia lake atalisoma au atasomewa. Mwenye zabuni iliyo mbele ya Bodi aombwe kwa heshima asikae kwenye duara la wajumbe mpaka zabuni hiyo ifunguliwe. Mzee wa mwambao akielezwa jambo hilo kwa upole hatakasirika. Adabu ya baraza ameijua kabla ya wengine kuzaliwa.

Chama kinachotaka kuwa na bao lake mwenyewe kisidhani ni gharama kubwa. Kikole, ambayo pamoja na kijiji cha Kisangi ilipata mwaka 2009 cheti cha kimataifa cha FSC cha usimamizi bora wa misitu ya kijiji, inajua kuliko vijiji vingi tofauti ya mti uliokatwa kwa kibali na mti ulioibwa. Mpingo, ambao Ulaya hutengenezewa klarineti, ni ghali mno kwa kazi hii. Fundi apewe kipande kikavu cha mninga kilichopatikana kwa halali, achonge vishimo 32, na jina la chama likatiwe ubavuni. Bao hilo liandikwe katika rejista ya mali za chama kama kinavyoandikwa kiti au meza. Kanuni chache, ya dau, ya saa za kazi na ya mashauri, zibandikwe karibu na tangazo la bei ya mnada, kwa kuwa hapo ndipo watu wote husimama. Jioni mlinzi azihesabu kete kabla ya kuzifungia. Zikipungua, chama hakina haja ya kuandika hati ya malipo: mkomwe unaota kando ya pwani, na watoto wanajua ulipo.